Gari za zamani za kusukuma nyuma: GX100, Laurel, Cresta au Benzi kwa mwenye familia hapa Tabora?

#1 MwanaIpuli
Wakuu, za jioni. Natafuta gari ya familia (mke na watoto watatu), ila sitaki gari ya kunifikisha tu. Nataka gari ambayo nikikata kona nasikia mgongoni kwamba inasukumwa. Kazini naendesha gari ya kuvuta mbele (injini inazungusha tairi za mbele, si za nyuma) mwaka wa 6 sasa. Ukikanyaga mafuta ukiwa kwenye kona, usukani unagombana na mkono wako. Sina raha nayo hata siku moja.

Mfuko wangu ni milioni 9, na matengenezo ya mwanzo yatoke humo humo. Zilizo mezani ni Toyota Mark II GX100 ya 1998, Nissan Laurel C34 na Benzi W124 200E. Mjini natembea kila siku, Urambo kwa mama mara 2 kwa mwezi, na kutoka lami hadi kwa mama ni kilomita kama 20 za vumbi. Masika ni tope la kunata.

Jumamosi niliijaribu ile GX100 barabara ya Nzega. Imetulia mno, injini huisikii. Lakini ikifika 80 inatetemeka sakafuni na kwenye kiti. Usukani umetulia kabisa. Ikivuka 100 mtetemo unapotea. Mwenye gari anasema ni tairi. Nisaidieni mambo mawili: nichukue ipi, na huo mtetemo ni nini?

#2 Kijana wa Cheyo
GX100 funga macho. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Kanyenye
Kijana, gari haichukuliwi kwa macho kufungwa. Hapa gerejini kwangu waliofunga macho ndio wanaokuja wamevutwa kwa kamba.

MwanaIpuli, sikiliza. Usukani ukitulia na kiti kikatetemeka, tatizo lipo nyuma au katikati, si mbele. Hizi gari propela yake (mhimili unaopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma) ni vipande viwili, na katikati kuna beringi iliyoshikwa na raba. Raba ikichoka, propela inacheza. Gari ya miaka zaidi ya 25 ambayo raba hiyo haijaguswa ni lazima iwe imechoka. Ingia chini, gari ikiwa imezimwa na imewekewa vizuizi, shika propela pale kwenye beringi uisukume juu na chini. Ikienda kama jino bovu, umepata jibu.

Pia uliza kama gia boksi iliwahi kushushwa. Kuna mafundi wakirudisha propela hawaweki alama ilikokuwa, wanafunga popote bolti zinapoingia.

#4 LoreliNyeusi
Mbona Laurel inapitwa kama msiba wa jirani? Nina C34 mwaka wa 9. Injini za RB ni silinda 6 za mstari, bloku la chuma, zinavumilia. Ndani ni sebule. Ukikaa nyuma magoti hayagusi kiti cha mbele, na watoto watatu wanalala hadi Nzega. Mark II ni nzuri, sikatai, ila kila mtu anayo. Ukiegesha sokoni unatafuta yako kwa namba.

#5 MwanaIpuli
#3 Asante fundi, nitaingia chini. #4 spea unapata wapi?

#6 LoreliNyeusi
Vya kawaida kama breki, plagi na filta vipo Mwanza, vinakuja na basi, ukiagiza asubuhi kesho yake unavyo. Taa na vioo ni Dar, na inabidi usubiri. Nilisubiri taa ya nyuma miezi 2. Nasema ukweli ili usije ukanilaumu.

#7 Mstaafu504
Vijana hamjambo. Mnazungumza gari za kusukuma nyuma bila kuitaja Peugeot 504? Niliendesha moja ya idara tangu lami ya Nzega haijazaliwa. Mashimo yale, lakini ndani ya 504 mlikuwa mmekaa kama kwenye godoro. Springi zake zina safari ndefu, tairi inashuka shimoni bodi inabaki palepale. Ilianza kutengenezwa 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora ya Mwaka huko Ulaya. Ikashinda Safari Rally 1975 na 1976. Hizo Mark II zenu zimeshinda nini?

#8 Injinia Mtoro
Shikamoo Mzee. Kwa heshima, nirekebishe kidogo. 504 ilishinda 1975 kwa mkono wa Ove Andersson, halafu 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, na ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6. Mwaka 1976 ulikuwa wa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, ushindi wake wa pili kwa gari hiyo baada ya 1974.

Lakini hoja ya Mzee inabaki imesimama. Kuanzia 1970 hadi 1986 kila gari iliyoshinda rali ile ilikuwa ya kusukuma nyuma: Datsun, Escort, Lancer, 504, Opel Ascona, Celica. Shekhar Mehta alishinda mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, na Violet ilikuwa gari ya baba mwenye watoto. Mwaka 1987 Audi ya kusukuma tairi zote nne ndiyo iliyokatisha mlolongo. Kwa hiyo anayesema gari ya kusukuma nyuma haifai barabara za vumbi, ajibu kwanza miaka hiyo 17.

#9 Mstaafu504
Marahaba mwanangu. Umesema sahihi, 1976 ni Joginder. Tulisikiliza redioni tukiwa tumekaa hapo stesheni tukingoja treni ya Kigoma.

#10 Mwisho wa Reli
Nipo Kigoma, naingilia. Injinia, wale walikuwa madereva wa rali na gari ya akiba nyuma. Mimi nazungumzia baba anapanda kilima cha Mwanga mvua imenyesha, mke kashika mtoto. Niliuza GX90 yangu (Mark II iliyotangulia GX100) kwa sababu hiyo. Barabara ya ndani kule kwetu ilikuwa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha mkia unatangulia kufika. Sasa nina gari ya kuvuta mbele, nilipokuwa nakwama napita.

#11 Injinia Mtoro
Hoja yako ina uzito, na ni uzito wenyewe. Gari ya kuvuta mbele ina injini na gia boksi juu ya tairi zinazofanya kazi, kwa hiyo ikiwa tupu na tope lipo inashika vizuri. Gari kama GX90 ikiwa tupu, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, mbele ukizidi kidogo, na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi.

Mambo yanageuka unapopakia. Weka watu watatu nyuma na magunia mawili buti, kisha panda mlima. Mzigo wote unaegemea nyuma, juu ya tairi zinazosukuma. Yule wa kuvuta mbele pua inapanda, tairi zake zinasugua hewa. Ndiyo maana pikapu za mzigo zinasukuma nyuma.

Na kwenye kona, tairi ina kiasi cha kushika ardhi kisichoongezeka. Mbele ikikata kona na kuvuta kwa pamoja, kiasi hicho kinagawanywa. Ikikata kona tu, nyuma ikasukuma, kila tairi ina kazi yake. Hicho ndicho MwanaIpuli anachosikia mgongoni.

#12 Mwisho wa Reli
Sawa, ila sipakii magunia kila siku ili nipande kwangu.

#13 MamaCresta
Habari zenu ndugu zangu. Mnaongea injini tu. Nafanya biashara ya asali, natoa Sikonge naleta mjini, na gari yangu ni Cresta GX100 mwaka wa 7 huu. Kwa nini Cresta na si Mark II? Fungueni mlango mtazame kioo. Mark II na ndugu yake Chaser, za GX90 na GX100, kioo cha mlango hakina fremu juu, kinakuja kugusa raba ya bodi tu. Cresta mlango una fremu yake kamili. Raba zikizeeka, Mark II inakula vumbi hadi kwenye meno. Cresta yangu natoka Sikonge na gauni jeupe.

Chini ni gari ile ile, injini ile ile, spea zile zile. Na kwa kuwa vijana hawaipendi sura yake, niliipata kwa bei nafuu kuliko Mark II iliyokuwa imechoka zaidi.

#14 Kijana wa Cheyo
Mama, Cresta ni gari ya babu.

#15 MamaCresta
Babu alikuwa anajua, mwanangu.

#16 Fundi Kanyenye
Mama yuko sahihi kuhusu fremu. Niongeze kwamba GX110 iliyokuja mwaka 2000 nayo ina fremu. Na Cresta na Chaser ziliishia 2001, Verossa ikashika nafasi yao.

#17 Altezza Nyekundu
Hamjataja Altezza? Gari Bora ya Mwaka Japani, msimu wa 1998–1999. Farasi 210, gia 6 za mkono. Kama unataka raha ya kweli, njoo huku.

#18 Injinia Mtoro
Tenganisha hapo. Farasi 210 ni SXE10, yenye 3S-GE ya silinda 4 na gia za mkono. Nyingi zinazoonekana mitaani kwetu ni GXE10, yenye 1G-FE ya silinda 6, farasi 160. Ni injini ile ile ya GX100 za kuanzia 1998. Uzuri wake upo kwenye wepesi na usukani, si kwenye nguvu.

Na hili liwasaidie wanunuzi wote: someni herufi za chasisi. G ni injini ya 1G, JZ ni injini ya JZ, S ni ya silinda 4. GX100 ni lita 2. JZX100 ni lita 2.5. Usiuziwe jina la bodi.

#19 Altezza Nyekundu
Yangu ni GXE10, nakubali. Lakini bado siku ya Jumapili asubuhi barabara ya Nzega ikiwa tupu, sibadilishani na mtu.

#20 MwanaIpuli
Altezza niliikalia. Watoto watatu nyuma wanabanana, na nilikuwa na wasiwasi na sampo (bakuli la oili chini ya injini) kule kwa mama. Ipo chini.

#21 Fundi Kanyenye
Wasiwasi wako ni wa haki. Altezza nyingi zilizofika hapa zimekatwa springi. Springi ikikatwa hairudi.

#22 Mtani wa Pwani
Watani zangu Wanyamwezi, mnahangaika na vumbi na fremu, wakati adui wa gari Tabora ni embe. Nililala hapo Novemba, nikaegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Asubuhi boneti lina mabonde manne.

#23 LoreliNyeusi
Mtani, embe lilikuwa linakukaribisha. Ungeliokota ukala, bodi ingenyooshwa baadaye.

#24 BenziYaBaba
Salaam. W124 mmeiacha yatima. Naendesha ya marehemu baba, 200E, niliirithi na sijawahi kufikiria kuiuza. Tairi za mbele zinakata hadi unashangaa, gari kubwa lakini inageuka kwenye uchochoro wa Gongoni ambao gari ndogo ya kuvuta mbele inarudi nyuma mara mbili. Kule nyuma kila tairi ina mikono 5 ya kuishika, ndiyo maana kwenye rasta haipigi mkia. Mlango ukifunga, sauti yake ni ya kabati la mninga.

Ubaya wake ni kwamba kila kitu ukikiacha kinaongezeka. Bushi moja ikifa ukaipuuza, ndani ya mwaka zinaondoka na wenzake. Na kwa za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kagua waya za injini. Baadhi ganda lake linapukutika kwa joto, waya unabaki uchi. Ukiona fundi kafunga utepe mweusi kila mahali, rudisha funguo.

#25 MwanaIpuli
Mkuu #24, pole kwa baba. Hiyo ya kwangu ni ya 1993, na utepe mweusi nimeuona kwa macho yangu.

#26 BenziYaBaba
Basi iache. Nasema hivyo nikiwa naipenda.

#27 Kijana wa Cheyo
Nilisema GX100 tangu #2.

#28 Nzega Kwetu
Swali la pembeni. Kwa nini Mark II zimejaa hivi hadi Igunga na Kaliua, na Laurel zinahesabika? Zilikuwa washindani kule Japani, silinda 6, bei zinakaribiana. Nini kilitokea huku?

#29 Fundi Kanyenye
Injini. 1G-FE imefungwa kwenye GX81, GX90, GX100, GX110, Crown, Altezza, Verossa. Gari saba, fundi mmoja anajifunza mara moja. Spea za mtumba zinapatikana kwa sababu kila gari iliyokufa inazilisha zilizo hai.

#30 LoreliNyeusi
Fundi, RB nazo zipo kwenye Skyline, Cefiro ya zamani na Laurel. Sababu si hiyo. Sababu ni kuuza tena. Mtu ananunua gari akimfikiria atakayeinunua baada yake. Mmoja alianza, wote wakafuata, sasa inaonekana kama ni sheria.

#31 Mstaafu504
Mnasahau Cressida. Miaka ya 1980 maofisa na wafanyabiashara walipanda Cressida, na Cressida ni Mark II kwa jina la kuuzwa nje. Watu walikuwa wameshaijua kabla haijaitwa Mark II. Mtoto wa ofisa akikua anatafuta gari ya baba yake.

#32 Nzega Kwetu
Kumbe! Mzee, hilo sikulijua.

#33 Mwisho wa Reli
Kwa upande wa Kigoma nadhani ni joto la injini. Laurel nilizoziona hapa karibu zote zilikufa kwa kuchemsha.

#34 LoreliNyeusi
Hapana, hapo nakupinga kwa nguvu zote. Zilikufa kwa maji ya bomba. Yangu pia ilichemsha mwaka wa kwanza, karibu na Urambo, mke wangu akiwa mjamzito wa miezi 7, jua la saa 8. Niliumia sana siku ile. Kosa lilikuwa la fundi aliyetoa themostati akaitupa, akasema nchi za joto haihitajiki, na akajaza maji matupu. Niliporudisha themostati, nikaweka kulanti na kubadili klachi ya feni, mshale haujawahi kuvuka katikati hadi leo. Injini ya silinda 6 ni ndefu, na hedi yake ya alumini ni ndefu. Ikichemka mara moja inapinda. Hilo ni kwa RB, ni kwa 1G, ni kwa JZ.

#35 Fundi Kanyenye
#34 kila neno ni kweli. Ndugu zangu, themostati haitolewi. Mwambieni kila mtu.

#36 MamaCresta
Mtoto alizaliwa salama?

#37 LoreliNyeusi
Salama mama, yupo darasa la tatu, na anaijua Laurel kwa sauti ikiwa bado kona ya tatu.

#38 Kaliua Mjini
Sababu yangu ya Mark II kujaa ni nyingine kabisa: ushuru. Lita 2 kamili haivuki mstari. Ukivuka 2000cc ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10, na juu yake kuna ule wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka 10. GX100 ni 1988cc. Waagizaji walipiga hesabu.

#39 LoreliNyeusi
Laurel nayo ipo ya lita 2. RB20 ni 1998cc. Hesabu hiyo hiyo.

#40 Kaliua Mjini
Basi sijui.

#41 Injinia Mtoro
Kabla sijasahau, onyo kwa wanaotafuta kusukuma nyuma. Kuna majina yanayodanganya. Mark II Qualis, ile steshenwageni ya kuanzia 1997, imejengwa juu ya Camry, inavuta mbele. Mwenye kutaka steshenwageni ya kusukuma nyuma atafute Mark II Blit, ya kuanzia 2002. Na Cefiro A31 inasukuma nyuma, lakini A32 iliyofuata inavuta mbele. Rafiki yangu alinunua Qualis akijisifu mwezi mzima. Tulipoingia chini, hakuna propela. Nilimwonea huruma.

#42 Altezza Nyekundu
Na wanaokimbilia GX110 kwa kuogopa D4, au wanaoikataa GX110 wakidhani ni D4?

#43 Injinia Mtoro
GX110 ina 1G-FE ya kawaida. D4 ipo kwenye JZX110 yenye 1JZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake ya presha kubwa haitaki uchafu hata chembe.

#44 Nzega Kwetu
Nilikuwa na Brevis, nayo ni 1JZ-FSE. Nilijaza petroli ya madumu kijijini. Sitaki kuisimulia zaidi ya hapo, bado inaniuma.

#45 MwanaIpuli
Wakuu, nimerudi. Leo nimeingia chini ya GX100 kama fundi alivyosema #3. Beringi ya katikati inacheza kidogo. Si kama jino bovu, ni kama jino linaloanza. Raba ina nyufa. Lakini pia tairi za nyuma zimetengenezwa miaka 9 iliyopita, nimesoma namba ubavuni, na mwenye gari kakiri ilisimama miezi 5 sehemu moja bila kusogezwa. Sasa ni kipi?

#46 BenziYaBaba
Tairi. Gari ikisimama miezi 5, tairi inapata ubapa mahali ilipogusa ardhi, na kwa tairi ya miaka 9 ubapa huo hauondoki. Hata kama haitetemeki, usibebe watoto na tairi hizo.

#47 Kaliua Mjini
Angalia rimu. Nilihangaika na propela miezi 3, kumbe rimu ya nyuma kushoto ilipinda kwenye shimo.

#48 LoreliNyeusi
Raba za difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi) je? Nyuma difu inaning'inia kwenye raba. Zikilegea, inainama unapokanyaga mafuta na pembe ya propela inabadilika.

#49 Injinia Mtoro
Fanya majaribio mawili kabla ya kununua chochote. La kwanza: ukiwa 80 na mtetemo upo, zima ovadraivu (gia ya juu kabisa). Injini itapanda mzunguko, mwendo utabaki ule ule. Mtetemo ukibaki vile vile, injini na raba zake hazihusiki.

La pili: sikiliza aina ya mtetemo. Kwa 80 tairi ya kawaida inazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Propela, kama difu ni karibu 4 kwa 1, inazunguka kama mara 45. Tairi inatikisa, propela inavuma. Ukiweka glasi ya maji kwenye dashibodi, tairi itayumbisha maji, propela itachora vimistari juu yake.

#50 Mstaafu504
Miaka ile tulikuwa tunaweka mkono chini ya kiti tu. Lakini hili la glasi nimelipenda.

#51 Mwisho wa Reli
Mimi nawaza hiyo beringi kama ni ya kununua peke yake au mpaka propela nzima?

#52 Fundi Kanyenye
Ipo peke yake. Kazi yenyewe ni nusu siku, ila inahitaji presi ya kuitoa na kuirudisha. Ukiona mtu anaichukulia nyundo na patasi, ondoka na propela yako.

Na Mwisho wa Reli, nilisahau kukujibu #10 kuhusu tope. Kama bado una moyo wa kurudi kwenye kundi, angalia pembeni ya gia kama kuna kitufe kimeandikwa SNOW. Walikiweka kwa ajili ya theluji, lakini tope nalo ni utelezi. Ukikibonyeza gari inaondoka na gia ya 2, nguvu inafika tairini polepole, haisugui. Wengi wanaendesha miaka 10 hawajakigusa. Ongeza na tairi zenye meno na mifuko miwili ya mchanga buti, utapanda kilima chako.

#53 Mwisho wa Reli
Niliuona, nikadhani ni cha hali ya hewa ya ndani. Nimesikitika sana, fundi. GX90 ile niliipenda.

#54 MamaCresta
Bado zipo. Jirani yangu anauza, nyeupe, haijachezewa. Ukija Tabora kwa treni utaiendesha kurudi, lami ya Urambo na Kaliua unaijua.

#55 Mwisho wa Reli
Mama usinitie majaribuni. Nitumie picha.

#56 MwanaIpuli
Majibu ya leo. Ovadraivu nimezima, mtetemo haujabadilika, kwa hiyo injini imeondoka kwenye orodha. Glasi ya maji: imeyumba NA imechora vimistari. Mke wangu ndiye aliyeishika, nguo zimelowa, lakini amesema mwenyewe gari anaitaka. Nimehamisha tairi za nyuma kwenda mbele. Sasa kwenye kiti imepungua, inaanzia 90 badala ya 80, na usukani bado umetulia.

#57 BenziYaBaba
Imepungua, maana yake ni tairi.

#58 Fundi Kanyenye
Ingekuwa tairi, mtetemo ungehamia kwenye usukani. Haujahamia. Ni beringi.

#59 Kaliua Mjini
Rimu imehama nayo, na tairi nyingine imekuja na uzani wake. Mzani wa tairi zote 4 kwanza.

#60 LoreliNyeusi
Raba za difu bado hamjazikagua.

#61 Injinia Mtoro
Inawezekana ni mbili kwa pamoja. Glasi imesema hivyo.

#62 MwanaIpuli
Nimeongea na mwenye gari, amepunguza laki 6 kwa ajili ya hayo. Laurel niliiona mara ya mwisho leo asubuhi, LoreliNyeusi, ni nzuri na ndani kweli ni sebule, lakini kioo cha mbele kina ufa na cha kukibadilisha hakuna aliyeniahidi chini ya mwezi. Cresta nimezunguka Isevya hadi Kiloleni, hakuna anayeuza.

#63 MamaCresta
Hawauzi kwa sababu wamefika.

#64 MwanaIpuli
Fundi, kesho saa 2 asubuhi nikuletee GX100 tuipandishe pamoja na mwenyewe akiwepo?

#65 Fundi Kanyenye
Lete. Wahi kabla ya saa 2, shimo langu ni moja na kuna Noah inakuja kushushwa gia boksi. Na LoreliNyeusi kama yupo karibu aje na tochi, tuanze na hizo raba zake za difu.

#66 LoreliNyeusi
Nitakuwepo.